Château Latour na biashara ya kusubiri

Wadau, waini ninayotaka kuiongelea leo wengi wetu hatutakuja kuinunua, hata mimi sijainunua, nimeionja tu kwa sababu ya kazi ninayofanya huku Bordeaux, Ufaransa, lakini kuna kitu kwenye habari zake kinanikera na kunifurahisha kwa wakati mmoja nikasema ngoja nikiandike. Ni Château Latour. Ukisikia watu wanataja yale mashamba matano ya juu kabisa ya Bordeaux basi hili limo, na kwa wapenzi wa waini nyekundu ya zamani, ile iliyokaa kwenye chupa miaka ishirini, thelathini, arobaini, hili ndo jina ambalo mtu akilitaja mezani hata waliokuwa wanachati wanaacha kuchati.

Sasa kitu chenyewe ni hiki. Bordeaux wana mtindo wao wa kuuza waini kabla hata haijafikia kunyweka. Zabibu zinavunwa Septemba kuelekea Oktoba, ikifika majira ya Aprili mwaka unaofuata wanunuzi na waandishi wanakuja kuonja wakati waini bado iko kwenye pipa, bei inatangazwa, unalipa hela yako, alafu unarudi nyumbani kusubiri chupa zako kama miaka miwili hivi. Wanaita en primeur. Kwa mwenye shamba ni raha tupu, hela imeingia mapema, mzigo umetoka. Anayebaki kuteseka ni mnunuzi, maana waini yenyewe akishaletewa bado ni changa, kwahiyo yeye ndo atafute stoo yenye baridi, yeye ndo akae nayo miaka kumi, na ikiharibika imeharibikia mikononi mwake.

Aprili 2012 Latour wakatangaza wanajitoa kwenye huo mchezo. Mavuno ya 2011 yakawa ya mwisho kuuzwa hivyo, kuanzia ya 2012 waini inabaki kwao, kwenye handaki lao, mpaka wao wenyewe waone sasa imefikia mahali pa kuanza kunyweka. Watu walidhani mikwara. Waini ya 2012 imekuja kuingia sokoni 2020. Miaka minane bana! Wenzao wanne wa daraja lile lile, yaani Lafite, Margaux, Haut-Brion na Mouton, wameendelea kuuza kama zamani, Latour peke yao ndo wakakaa na chupa zao.

Mimi ni mtu wa Dodoma, na baba yangu mdogo analima zabibu Mpunguzi, zile nyekundu za Makutupora, na kule kwetu zabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, alafu tena Agosti na Septemba. Kwahiyo nilipoisoma hiyo habari mtu wa kwanza kumpigia alikuwa yeye.

"Shikamoo ba'mdogo."

"Marahaba mwanangu, za huko kwenye baridi?"

Nikamwelezea yote, shamba, pipa, handaki, miaka minane. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata.

"Upo ba'mdogo?"

"Nipo. Nakuuliza, hiyo miaka minane watoto wanasoma na nini?"

Nilicheka lakini swali lake ndo lenyewe. Zabibu yake ikishaiva haimpi hata wiki, msimu ambao mnunuzi anachelewa kuja yeye anauza kwa bei yoyote anayotajiwa au anaanika chini ya mti aone zitakuwaje. Hana pa kuziweka. Sasa huku kuna watu wanajua waini yao ikikaa inapanda thamani, na wanayo hela ya kuiacha ikae. Ukiniuliza siri ya Latour ni nini ntakutajia udongo kwanza, ni kweli udongo ni mzuri ajabu na nakuja huko, lakini ya pili ntakutajia mmiliki. Tangu 1993 shamba ni la François Pinault, yule bilionea ambaye familia yake ndo yenye Gucci na Yves Saint Laurent. Mtu wa namna hiyo mavuno moja yakicheleweshwa miaka minane hakuna ada ya shule inayokwama. Na kuna utamu mwingine, kampuni yao ya familia, Artémis, tangu 1998 inamiliki pia Christie's, nyumba ya mnada ambako chupa za zamani za hayo hayo mashamba makubwa zinapigwa nyundo. Sisemi kuna ubaya, nasema tu hiyo ndo akili ya biashara, unakuwa na shamba na unakuwa na mnada.

Haya, udongo. Ukitoka Bordeaux mjini unaweza kupanda treni ya kawaida mpaka Pauillac, ni kama kilomita 50 kuelekea kaskazini, upande wa kushoto wa mto Gironde. Nilienda siku ya off na nilijua kabisa hawapokei mtu anayepita tu, pale unaingia kwa miadi na watu wengi wanaopewa miadi ni wa biashara, kwahiyo mimi nilitembea zangu kandokando ya barabara ya D2 kama mtu anayeangalia nyumba za watu. Na kwa kweli ukitegemea milima utachoka. Ni tambarare, vituta vidogo tu ambavyo hata pumzi haikukati ukivipanda, na sehemu ya juu ya shamba haifiki mita 20 kutoka usawa wa bahari. Kinachokushangaza ni chini. Kokoto! Kokoto za duara, nyeupe na za kahawia, zimejaa mpaka unajiuliza mmea unakula nini hapa. Hizo kokoto zililetwa na mito maelfu na maelfu ya miaka iliyopita, zimerundikana mita kadhaa kwenda chini, na chini yake kuna mfinyanzi. Mvua ikinyesha maji yanapita moja kwa moja, mzabibu haulali kwenye maji, na kiangazi kikikaza mizizi inajishukia yenyewe kutafuta unyevu kwenye ule mfinyanzi. Kwa zabibu ya Cabernet Sauvignon hapo ni peponi, na ndo iliyotawala, kwenye waini yao kubwa siku hizi inapita asilimia 90 miaka mingi, inayobaki ni Merlot na vitone vya Cabernet Franc na Petit Verdot.

Katikati ya mali yote kuna kipande wanakiita l'Enclos, hekta 47, kwa hesabu zetu ni kama ekari 116, kimekaa kuizunguka nyumba ya shamba na kinaelekea mtoni. Waini ile kubwa yenye jina la Latour inatoka humo. Wenyeji wa Médoc, yaani ukanda wote huu wenye Pauillac, wana msemo kwamba mizabibu mizuri ni ile inayoutazama mto, na hawasemi kwa mapambo, Gironde pale ni pana na yale maji mengi ya kahawia yanashika joto, usiku wa jalidi hewa ya karibu na mto haishuki sana. Aprili 1991 baridi ilichoma machipukizi karibu Bordeaux yote, na 2017 tena, na mara zote mashamba yaliyo karibu na mto ndo yaliyopata nafuu, l'Enclos ikiwemo. Siku hizi humo ndani wanalima na farasi sehemu kubwa, hawataki trekta igandamize udongo, na tangu 2018 shamba lina cheti cha kilimo hai, hakuna dawa za viwandani. Ba'mdogo nilipomwambia wanalima na farasi akasema "kumbe wamerudi tulipo," nikaona nisibishane.

Ule mnara wa mviringo wenye paa jeupe unaouona ukiwa barabarani, watu wanaupiga picha wakidhani ndo uliolipa shamba jina lake. Hapana, ule ni banda la njiwa, limejengwa kati ya 1620 na 1630 hivi. Mnara wenyewe wa kwanza ulikuwa ngome ya karne ya 14, wakati Waingereza na Wafaransa wanapigana ile vita yao isiyoisha, na Bordeaux ilikuwa chini ya mfalme wa Uingereza. Ngome ikaondoka na vita, jina likabaki, na kwenye lebo ya chupa utaona mnara na simba amekaa juu yake.

Historia yao ni ndefu, nitapita haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1600 shamba likaingia kwenye ukoo wa Ségur, na mmoja wao, Nicolas-Alexandre de Ségur, alikuwa na Lafite, Latour, Mouton na Calon kwa pamoja, ndo mpaka akaitwa Mwanamfalme wa Mizabibu. Yaani mtu mmoja! Karne ile ya 18 ndo Bordeaux ilinawiri haswa, na nisiwe mnafiki, haikunawiri kwa waini peke yake, ilikuwa sukari na kahawa ya visiwani na biashara ya watu. Pale kando ya mto mjini kuna sanamu ya mwanamama mmoja, iliwekwa 2019, Modeste Testas, jina lake la kuzaliwa Al Pouessi, mtu wa Afrika Mashariki, alikamatwa akiwa binti akaishia kuwa mali ya ndugu wawili wafanyabiashara wa Bordeaux. Huwa napita hapo nikienda kazini. Majumba mazuri yaliyoko nyuma yake watalii wanayapiga picha mgongo wameugeuzia sanamu.

1855 Napoleon III akataka orodha ya waini bora za Bordeaux kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, madalali wakapanga kwa kuangalia bei zilizokuwa zinauzwa, Latour ikaingia daraja la kwanza pamoja na Lafite, Margaux na Haut-Brion. Mouton aliongezwa 1973. Orodha ya 1855 mpaka leo watu wanaitumia! Mimi naona ni kichekesho kidogo, kwa sababu shamba linaweza kuuzwa, likabadilisha wataalamu, likapanua mipaka, daraja linabaki lile lile. Latour wenyewe 1963 walichukuliwa na Waingereza wa kampuni ya Pearson, wenye gazeti la Financial Times enzi hizo, na Wafaransa waliumia sana, lakini hao Waingereza ndo walioweka matangi ya chuma kisichoshika kutu 1964 wakati majirani wengi bado wanachachusha kwenye mbao za tangu zamani. Na wao ndo waliokuwepo wakati waini ya pili ilipoanza, Les Forts de Latour, mavuno yake ya kwanza ni ya 1966.

Tuje kwenye glasi sasa. Mgahawa ninaofanya kazi kuna mteja alibuking meza na akasema kabisa anataka Latour ya 1996. Huo mwaka ukanda wa Médoc uliwakubali sana, Cabernet iliiva vizuri, kwahiyo si chupa ya kubahatisha. Mkuu wetu wa waini, mama mmoja mkali ambaye akikukuta unatikisa chupa ya zamani anaweza kukufukuza siku hiyo hiyo, aliitoa stoo jana yake akaisimamisha wima kwenye kona ambayo hamna anayepita. Sababu ni machicha. Waini ya umri huo ina machicha meusi laini yamelala ubavuni mwa chupa, ukiisimamisha usiku mzima yanateremka kitakoni.

Siku yenyewe nilipangiwa meza ile, kazi yangu ilikuwa kushika trei na kufunga mdomo. Akakata ile karatasi ya shingoni, chini yake kizibo kilikuwa na ukungu mweusi kidogo, akafuta na kitambaa. Hakutumia kizibuo cha kawaida, alitumia kile kifaa cha ndimi mbili nyembamba, unazitumbukiza kati ya kizibo na kioo, unayumbisha taratibu kulia kushoto, alafu unazungusha huku unavuta. Kizibo kikatoka kizima, upande wa chini umelowa zambarau mpaka karibu nusu yake. Akakinusa. Akawasha mshumaa, akaweka shingo ya chupa juu ya mwanga, akaanza kumimina kwenye dekanta, ile jagi ya kioo ya kuhamishia waini, bila kusimama, maana ukisimama na kuanza tena unachafua. Mimi nilikuwa natazama shingo tu. Waini inapita nyekundu safi, inapita, inapita, alafu ghafla kikatokea kama kimoshi chembamba kinajongea kutoka tumboni mwa chupa, na hapo hapo akainua mkono. Kilichobaki kwenye chupa kilikuwa kama vidole viwili.

Alijimiminia tone la kuhakikisha ni nzima, alafu jikoni nyuma akanipa na mimi, kidogo tu, chini ya glasi. Rangi katikati bado ilikuwa imekolea, lakini pembeni ukiinamisha glasi unaona imeanza kwenda kwenye tofali. Harufu ndo iliyonimaliza. Ilikuwa mbao kavu na tumbaku, kuna ngozi, kuna udongo uliopata mvua ya kwanza, na nyuma kabisa kuna tunda jeusi limetulia, halipigi kelele. Mdomoni nilitegemea utamu wa zabibu, hamna. Kuna ule ukakasi, waini hizi zikiwa changa zinakubana ulimi kama umekula bibo ambalo halijaiva, lakini hapa ulikuwa umelainika kiasi kwamba unausikia umepita tu, na ladha inabaki, unameza, unabeba sahani mbili, unarudi, bado ipo. Baada ya saa moja na kitu nikaonja tena mabaki ya kwenye dekanta ikawa imefunguka zaidi, kama watu waliochelewa kufika kwenye shughuli ndo wanaingia.

Bei sitaiandika, ba'mdogo ana bando siku hizi.

Kwanini inachukua muda wote huo? Ukakasi unatokana na tanini, zipo kwenye ganda na kokwa za zabibu, na Cabernet ina ganda nene na punje ndogo kwahiyo zinakuwa nyingi, alafu waini inakaa kwenye mapipa mapya ya mwaloni ya lita 225 mwaka mmoja na nusu hivi na mbao nayo inaongeza zake. Kwenye chupa zile tanini zinashikana shikana zenyewe kwa zenyewe na zinashikana na rangi, zinakuwa nzito, zinazama, ndo yale machicha. Ndo maana waini inapauka na kulainika kwa pamoja, ni jambo moja linatokea. Ila si kila waini ukiiweka itakuwa nzuri, hapo watu wengi wanajidanganya. Waini nyingi sana zimetengenezwa zinyweke ndani ya miaka miwili mitatu, ukiiweka ishirini utafungua siki. Inatakiwa iwe na tanini za kutosha, uchachu wa kutosha na tunda la kutosha kuvuka safari yote, na Latour sifa yake ni hiyo, inaenda taratibu kuliko majirani. Kuna watu leo wanakunywa ya 1961 na bado inasimama, na ya 1982 bado ina nguvu. Zile za 1961 zilikuwa chache tangu shambani, machipukizi na maua yaliharibika mapema, zikabaki punje kidogo zilizokolea.

Kuhusu ule uamuzi wa 2012 mimi nina mawazo mawili, yote naona yana ukweli. Kwa mteja wa mgahawa ni jambo zuri, chupa inatoka shambani haijazungushwa mabara matatu kwenye makontena yenye joto, unajua imekaa wapi na nani. Lakini wafanyabiashara wa Bordeaux walilalamika na sikuona kama wanaonea watu, kwa sababu zamani mtu wa kipato cha kati aliyejibana angeweza kununua boksi ikiwa bado changa kwa bei ya chini, akaiweka, akaja kunywa kitu cha kitajiri akiwa mzee. Huo mlango umefungwa. Faida ya kusubiri imehama kutoka kwa mnywaji imeenda kwa mwenye shamba, na ukija kununua unanunua na ile miaka.

Kama una hamu ya kujaribu na huna hela ya wazimu, tafuta Les Forts, bado ni ghali lakini ni watu wale wale, au kuna ya tatu wanaiita tu Pauillac de Latour. Hata waini nyingine za Pauillac zenye majina madogo, ukipata ya miaka kumi na tano iliyotunzwa sehemu yenye nyuzi 12 au 13 na chupa imelazwa, utaielewa hii harufu ninayosema. Chupa ya zamani angalia usawa wa waini, ikishuka chini ya mabega ya chupa kizibo kimepitisha hewa, achana nayo. Na usinunue Latour ya zamani kwa mtu wa mtandaoni anayekuambia ni ya marehemu mjomba wake, yule jamaa Rudy Kurniawan alikuwa anachanganya waini jikoni kwake California anabandika lebo za zamani na aliwauzia matajiri wanaojiita wataalamu mpaka alipokamatwa 2012, akahukumiwa kifungo cha miaka kumi. Wewe na mimi tungeponea wapi.

Na ukibahatika kuifungua iliyozeeka haswa, ya miaka arobaini kwenda juu, usiimimine kwenye dekanta ukaiacha masaa matatu kwa sababu umesoma sehemu kwamba waini inatakiwa ipumue. Hizo zinaweza kuisha harufu ndani ya nusu saa. Mimina, onja hapo hapo, wageni watakukuta unaendelea.